Uyoga Juu ya Kitanda

Mifuko ilikuwa tisa, chumba kilikuwa kimoja.

Oduor alisimama juu ya kiti, akapitisha kamba ya mkonge kwenye boriti, na mkewe Lorine akamwinulia mfuko wa kwanza. Ulikuwa mfuko wa nailoni, mnene kama mto wa kulalia. Ndani yake kulikuwa na makapi ya mkonge, yale yanayotemwa na mashine baada ya jani kukamuliwa likabaki nyuzi. Makapi hayo hayana mwenyewe. Hurundikwa nyuma ya kiwanda, yakaoza na kunuka. Lorine alikuwa ameyachemsha kwenye pipa kutwa nzima, akayakamua, akayachanganya na mbegu ya uyoga: punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe kama pamba.

"Si hapo," alisema Thadeus, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwaelekeza. Yeye ndiye aliyeleta mbegu. "Hapo karibu na mlango patakauka. Leta huku pembeni."

"Huko pembeni ndiko mtoto analala," Lorine alisema.

"Si ndiyo vizuri? Dawa na mgonjwa wakae pamoja."

Oduor alicheka, na Lorine naye akacheka. Ajwang', mwenye miaka saba, alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kamba, mabega yakipanda na kushuka. Kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Utaniangukia?" aliuliza.

"Uanguke kwa nini?" baba yake alisema. "Kamba hii inafunga meli, nyathina, mwanangu. Mfuko wa takataka utaishinda?"

Thadeus alitoka Werugha, kule juu kwenye ukungu, ambako watu huvaa sweta hata mwezi wa pili. Kila Alhamisi alishuka na kikapu akapita kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge karibu na Voi. Hakuwa tapeli. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu, akarudi na karatasi aliyoikunja na kuikunjua mpaka ikachanika katikati. Mama yake mwenyewe alikuwa amekunywa supu ya uyoga magoti yakaacha kuuma.

"Mwili una askari," aliwaambia, huku akiishika karatasi ile kwa mikono miwili isiachane. "Askari wakilala, magonjwa yanaingia. Pumu inaingia, homa inaingia. Uyoga unawaamsha. Huko Japani wanaupima kwa mashine, si mambo ya kuambiana."

Oduor hakuhitaji Japani. Kwao, ng'ambo ile ya nchi karibu na ziwa, nyanya yake alikausha obuolo, uyoga wa kwao, juu ya meko, na mtu akiugua au mwanamke akijifungua, supu ya obuolo ndiyo ilitangulia. Alipoiona ile mbegu nyeupe alihisi kama mtu aliyeletewa salamu kutoka nyumbani.

Masharti yalikuwa matatu. Giza, kwa hiyo dirisha lilizibwa kwa gunia. Unyevu, kwa hiyo kuta zilinyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Na moshi usiingie kabisa, kwa hiyo jiko la kuni lilitolewa nje, likakaa chini ya kipande cha bati.

"Na mpaka uote, mpe hii," Thadeus alisema, akamkabidhi Lorine mkebe wa majani chai uliojaa unga wa uyoga mkavu. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Usikose."

Jirani yao Mbula, Mkamba aliyefanya kazi ya kuanika nyuzi, alichungulia dirishani kabla gunia halijafungwa.

"Nyinyi watu wa ziwa," alisema, "kitu kikiota tu mshakitafutia sufuria."

"Na ukiota utakuja na sahani," Oduor alimjibu.

"Nitakuja na bakuli. Sahani ni ndogo."

*

Mwaka ule ulikuwa wa mvua ya El Nino. Barabara zilikuwa zimekatika, mbu walikuwa wengi, na katika laini ya nne ya nyumba za shamba hakuna mtoto ambaye hakukohoa. Ni Ajwang' peke yake aliyekuwa akipona.

Ilianza polepole. Siku moja alimaliza uji bila kupumzika katikati. Siku nyingine alikimbia mpaka bombani na kurudi, akasimama mbele ya mama yake akisubiri kifua kilie, na hakikulia. Wiki ya tatu Lorine alimrudisha shuleni.

Hilo halikuwa jambo dogo. Muhula uliopita mwalimu alikuwa amemtoa Ajwang' darasani akamketisha nje kwenye ngazi, na Lorine alipoitwa, mwalimu aliongea naye akiwa amesimama mbali, leso puani. "Mama, hiki si kifua cha kuleta kati ya watoto wa watu," alimwambia. Lorine alimbeba mtoto mgongoni, akapita katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, watoto wote wakitazama.

Sasa alirudi na mtoto anayetembea kwa miguu yake. Mwalimu alimtazama Ajwang' juu mpaka chini.

"Mlimpa nini?"

"Uyoga, mwalimu."

Baada ya wiki moja mwalimu alimtuma mtoto amwombee kidogo.

Habari ilienea. Mifuko ilianza kutoboka vitundu, na kwenye kila tundu pakatokeza vichwa vidogo vyeupe. Baada ya siku nne vilikuwa vimefunguka, vipana kama masikio, vimepandana juu ya kitanda cha Ajwang'. Lorine alivuna beseni zima. Mbula alikuja na bakuli kama alivyoahidi. Akala, akaomba tena.

Kisha akaja Silvanus.

Silvanus alikuwa nyapara wa kiwanda. Tangu Oduor aandikwe kazi, hakuwahi kukanyaga mlango wake. Alisimama kizingitini, akainama, akaangalia ile mifuko kwenye giza kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua.

"Mke wangu ana presha," alisema. "Tangu anywe hii supu analala."

"Tunashukuru, nyapara."

"Sufuria moja kila Jumamosi. Naona si shida."

"Si shida."

Silvanus alipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Mzee wa pampu anastaafu mwisho wa mwezi ujao. Kazi ya pampu si ngumu. Unawasha, unazima, unatia dizeli. Nyumba yake ina vyumba viwili. Nitaona."

Alipoondoka, Oduor aliketi kitandani taratibu, kama aliyebebeshwa kitu kinachoweza kuvunjika. Yeye alifanya kazi kwenye banda la brashi. Humo nyuzi kavu hupigwa na mashine ili zing'ae, na vumbi lake hujaa hewani mpaka mtu hamwoni mwenzake upande wa pili. Mara tatu alikuwa ameomba kuhamishwa. Mara tatu Silvanus alimjibu kwamba mlango wa kutokea uko wazi, na nyumba ya laini ataiacha jioni hiyohiyo.

"Pampu iko mtoni," alimwambia Lorine. "Kuna miti. Hakuna vumbi hata la dawa."

"Vyumba viwili," Lorine alisema.

"Viwili."

Walitazamana, wakaona haya, kama watu waliokamatwa wakitamani kitu.

*

Mavuno ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Uyoga ulifunguka zaidi kuliko wa mwanzo, kwa sababu uliachwa ukue mpaka Jumamosi, sufuria ya nyapara ijae.

Jumanne Ajwang' alianza kukohoa. Jumatano kifua kililia. Alhamisi Thadeus alipokuja, mtoto alikuwa ameketi ameinama mbele, mikono magotini.

"Msiogope," Thadeus alisema. "Dawa imefika chini. Inasukuma uchafu utoke. Mama yangu naye, magoti yalimuuma zaidi kabla ya kupona."

"Nipunguze?" Lorine aliuliza.

"Uongeze. Askari wakishaanza kupigana, utawanyima chakula?"

Lorine aliongeza vijiko viwili. Akanyunyizia kuta maji mara tatu badala ya mbili. Alifunga gunia la dirishani vizuri zaidi, hewa ya vumbi isiingie. Mtoto alipozidi kubanwa, alimlaza pale pembeni, karibu kabisa na dawa.

Siku ya Ijumaa, Mbula alikuja kuazima chumvi. Alimkuta Lorine akikung'uta blanketi la mtoto mlangoni.

"Mama Ajwang', unga umeingiaje kwenye blanketi?"

"Unga gani?"

"Si huu?" Mbula alipitisha kidole. Kilitoka cheupe, chepesi, kama kilichoguswa na poda.

Lorine aliangalia. Kwenye beseni lililokuwa chini ya mifuko palikuwa na poda hiyohiyo. Kwenye kifuniko cha mtungi, hiyohiyo. Alimgeukia mtoto. Kwenye kope za Ajwang' palikuwa na weupe mdogo, kama wa mtu aliyetoka kusaga.

"Ni vumbi la dari," Lorine alisema.

"Ni uyoga," Ajwang' alisema. Aliongea maneno mawili, akavuta pumzi, akaongea mengine mawili. "Uyoga unatoa. Moshi. Jua likiingia. Pale kwa msumari."

Juu ya bati palikuwa na tundu la msumari. Kila alasiri jua lilipita hapo likashuka kama fimbo mpaka kitandani.

"Uyoga hauna moshi, mama," Lorine alimwambia, akimpangusa kope kwa ncha ya leso. "Umeshawahi kuona umewashwa moto?"

Mbula alichukua chumvi yake. Alipofika nje alikumbuka hakuishukuru, lakini hakurudi.

*

Jumatatu saa nne asubuhi midomo ya Ajwang' iligeuka rangi ya majivu.

Oduor alikuwa kazini. Lorine alimfunga mtoto mgongoni akakimbia mpaka kwenye lango la kiwanda, ambako trekta lilikuwa likitoka na marobota ya nyuzi kupeleka stesheni ya reli. Dereva alimwonyesha tela: "Panda juu ya mzigo." Lorine alitazama marobota yakifuka vumbi. Alitikisa kichwa, akapanda pale penye tairi, ubavuni mwa dereva, akashika chuma kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

"Mama, huko unaweza kuanguka," dereva alisema.

"Endesha."

Kliniki ilikuwa nyuma ya soko. Ofisa wa zamu aliitwa Hanif, kijana wa kutoka kwenye familia ya wenye maduka pale Voi mjini. Hakuuliza jina kwanza. Alichoma sindano, akamkalisha mtoto wima, akashika mkono wake akiangalia saa. Lorine alikuwa na noti moja ndani ya kitambaa na alikuwa ameishika tayari kuitoa, akiogopa kwamba akichelewa kuionyesha wataacha. Hakuna aliyeitazama.

Baada ya nusu saa midomo ya Ajwang' ilianza kurudi.

"Mwaishi wapi, mama?" Hanif aliuliza.

"Shambani kwa mkonge. Laini ya nne."

"Mwafuga kuku ndani? Njiwa? Paka?"

"Hapana, daktari."

"Mwapikia ndani?"

"Tulikuwa. Siku hizi napikia nje. Tangu kabla ya Krismasi."

Hanif aliinua kichwa. "Na akapata nafuu?"

"Karibu wiki sita. Hakulia kifua hata siku moja."

"Basi ule moshi ndio uliokuwa ukimtesa. Umefanya jambo kubwa sana, mama. Wengi twawaambia hawasikii."

Lorine aliinamisha macho. Wiki sita alikuwa ameushukuru mkebe wa majani chai. Hata kanisani alikuwa ameutaja.

"Sasa ni kitu gani kipya kilichoingia humo nyumbani?"

"Hakuna."

Alijibu haraka. Oduor alikuwa amemwambia tangu juzi, ukifika hospitali usitaje uyoga, watakuona mshamba. Tena alimfikiria nyapara, na pampu, na vile vyumba viwili.

"Hakuna kabisa? Mkeka, godoro, kitu chochote?"

"Tuna uyoga," Ajwang' alisema.

Muuguzi aliyekuwa akikunja shuka alianza kutabasamu, na Hanif akamtazama mpaka tabasamu likaisha.

"Uyoga wa kula?"

"Wa dawa," mtoto alisema. "Uko juu ya kitanda changu. Mifuko tisa. Unatoa moshi."

Hapo Lorine alieleza yote, mbio mbio, sauti ikiwa ndogo: makapi, giza, maji, kijiko, askari wa mwili. Alingoja kuchekwa. Hanif alikuna shingo kwa kalamu.

"Hao askari wapo kweli," alisema. "Na huenda uyoga wawaamsha. Mimi sijui. Kuna watu wachunguza mambo hayo na siwezi kuwacheka. Lakini mama, mtoto huyu hana askari waliolala. Wake hawalali kabisa. Vumbi la kawaida likipita, wao waona ni jeshi. Wapigana mpaka njia ya pumzi yavimba na kufunga. Hiyo ndiyo pumu yake. Sasa nyinyi mmemtundikia vumbi juu ya uso."

"Si vumbi, daktari. Ni..."

"Ni mbegu zake. Uyoga ukishafunguka wamwaga mbegu nyepesi kuliko unga, na yeye azivuta kutwa kucha, dirisha limezibwa."

"Na supu?"

"Supu ni chakula, wanyweshe wakubwa. Kwake yeye, acha mpaka nione kifua kimetulia. Mifuko itoke leo." Aliandika vidonge kwenye kadi. "Na baba yake afanya kazi gani?"

"Banda la brashi."

Kalamu ilisimama. "Na arudi nyumbani na nguo zilezile?"

"Ndizo nguo zake."

"Avulie nje. Aoge nje, kichwa pia, ndipo aingie. Kila siku, mama. Hata mkihama, hata asipolia kifua. Kila siku."

*

"Siku kumi na mbili," Oduor alisema jioni ile. "Ninakuomba siku kumi na mbili tu. Mzee wa pampu akitoka, sisi tunaingia. Halafu hii mifuko nitaichoma mwenyewe."

"Daktari amesema leo."

"Daktari ana nyumba ya pampu ya kutupa?"

Lorine alikuwa akimlisha mtoto uji nje, karibu na jiko lililozimwa. Hakutaka kumwingiza ndani mpaka wapate la kufanya. Walikuwa wamejaribu kila kitu. Mifuko miwili waliihamishia kivulini nyuma ya nyumba, na joto la Voi likaipika; uyoga ukajikunja kama ngozi. Lorine alitaja bafu la makuti. Oduor akamuuliza ni nyapara gani atakula uyoga uliokaa karibu na choo. Mbula alikubali mtoto alale kwake, lakini chumba chake kilijaa nyuzi za kusukia vyondo, zimefungwa mafungu mpaka darini, na Ajwang' alipoingia tu alianza kukohoa. Mbula mwenyewe ndiye aliyemrudisha, ameona haya.

"Hapa hakuna mahali," Mbula alisema. "Laini yote hii, mama, ukitoka kwa vumbi unaingia kwa vumbi."

"Ukitoa mifuko, unatoa pampu," Oduor alisema baada ya Mbula kwenda. "Ukitoa pampu, mimi ninabaki brashi. Nikibaki brashi, mtoto atavuta brashi mpaka awe mkubwa. Mimi sifikirii tumbo langu, Lorine. Ninamfikiria yeye."

"Najua."

"Sasa?"

"Hizo siku kumi na mbili, nani atamvutia pumzi?"

Hasira ilimjaa Oduor, na hakujua amkasirikie nani. Usiku ule mama na mtoto walilala nje chini ya kile kipande cha bati, na mbu wakawala. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mvua ilirudi, wakaingia ndani, na kifua kikaanza tena kulia.

Jumapili Oduor hakuwa na kazi. Saa tisa alasiri Lorine alimwamsha Ajwang', akamtoa nje, akarudi akasimama mbele ya mumewe.

"Lala pale."

"Wapi?"

"Kwa kitanda chake. Lala tu. Sitasema kitu."

"Mimi mtu mzima nilale kwa kitanda cha mtoto?"

"Lala, Baba Ajwang'."

Alilala. Miguu ilitokeza nje kuanzia magotini. Alitaka kufanya mzaha lakini uso wa mkewe haukuruhusu. Lorine alifunga mlango. Giza likatulia, na jua likashuka kutoka kwenye tundu la msumari mpaka kifuani pake.

Mwanzoni hakuona kitu. Halafu akaona. Ndani ya ile fimbo ya mwanga kitu kilikuwa kikishuka, kimya, bila kukatika, kikijikunja na kujikunjua, kikitoka chini ya yale masikio meupe. Kilimfuata alipovuta pumzi na kukimbia alipoitoa. Aliramba midomo, akahisi unga. Alikijua kitu kile. Alikiona kila siku, saa zote za kazi, kwenye mianya ya bati la banda, kikishuka juu ya vichwa vya wanaume ishirini waliofunga matambara puani.

Alikaa pale muda mrefu kuliko Lorine alivyotarajia.

"Ni brashi," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea. "Nimemletea brashi nyumbani. Nikaitundika na kamba."

Aliinuka, akachukua kisu, akapanda juu ya kiti kilekile. Mfuko wa kwanza ulianguka sakafuni kwa kishindo, ukatoa wingu.

*

Laini yote ilitoka kutazama. Mifuko ilitupwa kwenye jua, gunia la dirishani likang'olewa, blanketi likachemshwa kwenye pipa lilelile la makapi. Watoto walichezea uyoga uliojikunja. Mwanamke mmoja wa laini ya tatu aliuliza kwa sauti kama dawa imeoza, na mwingine akasema labda tangu mwanzo ilikuwa ya kishirikina. Lorine alisikia. Aliendelea kumwaga maji.

Jumatatu Silvanus alimsimamia Oduor kwenye mlango wa banda.

"Nasikia Jumamosi hii sitaona sufuria."

"Uyoga umeisha, nyapara. Ulikuwa unamuumiza mtoto. Daktari amesema."

"Kwa hiyo mke wangu alikuwa anakunywa ugonjwa?"

"Hapana. Supu haina neno. Ni vumbi lake..."

"Vumbi." Silvanus aligeuka akaangalia ndani ya banda, wingu limejaa mpaka darini. "Umepata mahali pa kulalamikia vumbi."

Mwisho wa mwezi pampu ilipewa shemeji wa karani wa kiwanda.

Thadeus, aliyezuiwa na mvua wiki iliyotangulia, alipofika Alhamisi hakuamini macho yake. Alichukua mfuko mmoja uliokauka, akaugeuza geuza. Lorine alimweleza polepole, bila kumgombeza, maana hakujua kugombeza watu. Thadeus alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi kwangu uyoga uko kwenye zizi la zamani," alisema. "Mbali na nyumba. Sikufikiria. Mwenye zizi na mwenye chumba kimoja, nilisema ni kitu kimoja." Alitazama huku na huku akimtafuta mtoto, akamwona kwenye ngazi ya mlangoni, akashindwa kwenda. Tangu siku hiyo hakupita tena laini ya nne.

Vidonge vilisaidia. Ajwang' alirudi shuleni, siku nyingine akakosa. Kifua hakikupona, kilikuwa na siku zake. Mwalimu aliacha kumtuma kuomba uyoga.

Na kila siku saa kumi alasiri, wanaume walipotoka kazini, Oduor alisimama nyuma ya gunia lile la dirishani, ambalo sasa lilikuwa limetundikwa kwenye kamba nje ya mlango. Halikumtosha. Mtu mzima, mrefu, aliyeonekana miguu chini na mabega juu, alivua nguo za kazi mbele ya laini nzima na kujimwagia maji ya ndoo kichwani. Wiki ya kwanza vijana walipiga miluzi. "Jaduong', mzee wetu, umesahau mgongo!" Mbula aliwatupia maganda ya ndizi, nao wakazidi kucheka. Oduor alisugua nywele, masikio, kope. Maji yaliyoshuka yalikuwa ya rangi ya uji.

Alipomaliza alijifunga leso ya Lorine kiunoni, akasimama kwenye kizingiti, hakuingia. Ajwang' alikuwa ndani, ameketi kitandani, uso ameuelekeza kwenye fimbo ya jua iliyoshuka kutoka kwenye tundu la msumari. Hiyo ilikuwa kazi yake sasa. Aliiangalia kama watu wanavyoangalia maziwa yaliyo motoni.

"Niingie?" Oduor aliuliza.

Maji yalimtiririka mgongoni. Nyuma yake mtu alicheka. Kutoka upande wa kiwanda upepo ulikuwa ukivuma, na ndani ya ule mwanga vijichembe vichache vilikuwa vikizunguka, vikipanda, vikishuka.

"Bado, baba," mtoto alisema. "Funga mlango kwanza. Subiri huko nje."

Oduor aliuvuta mlango, akasubiri.